Utokako, Uendako

Nikishuka kwenye basi katika mji nisioujua, macho yangu hayaendi sokoni wala baharini. Yanatafuta kibao. Kibao chochote kilichoandikwa "Nyumba ya Kulala Wageni", hata kama rangi imebabuka na herufi mbili tatu zimekwisha kung'oka. Ninaosafiri nao wananicheka: wenzako wanakwenda Kilwa kuona magofu, wewe unakwenda kuona gesti. Sibishi. Magofu yapo tangu karne na karne, hayatahama usiku huu. Kwanza nataka kujua mji unamlazaje mtu asiye wake.

Ugonjwa huu niliupatia Mtwara, miaka ya tisini, nikiwa shule ya msingi. Mama alikuwa na meza ya samaki sokoni na hakuwa na mtu wa kuniachia mchana, basi nikitoka shule nilinyoosha moja kwa moja kwa mama mdogo, ambaye alikuwa mhudumu wa gesti si mbali na stendi. Gesti yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: ua katikati, vyumba vimeuzunguka pande tatu, upande wa nne jiko, bafu na choo. Mwembe mmoja. Kamba za kuanikia zimekatiza ua mzima, na kwenye kamba mashuka.

Mashuka ndiyo yaliyoniingia kwanza. Mama mdogo aliyafua kwa mkono kwenye beseni la bati, akayasuuza kwa maji ya bluu, na jioni akayapiga pasi ya mkaa, kila baada ya muda akitoka nje kuipuliza majivu yasije yakaharibu kazi. Kwenye pindo la kila shuka palikuwa na jina la gesti kwa wino usiotoka, herufi kubwa, ili mgeni mwenye mkono mrefu ajue kwamba hata akilitia kwenye begi litamsema huko aendako. Funguo nazo zilifungwa kwenye vipande vya mti, kila kimoja kikubwa kuliko kiganja changu, namba imechomwa kwa msumari wa moto. Nilipouliza kwa nini mti uwe mkubwa hivyo, mama mdogo alinijibu bila kuinua uso kwenye pasi: "Mwanangu, ufunguo mdogo unasafiri."

Chumba kikishaandaliwa niliruhusiwa kuingia kukagua. Kitanda kimetandikwa kikakazwa, chandarua kimefungwa fundo juu, taulo limekunjwa, juu ya taulo kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi, na sakafuni kandambili mbili zisizofanana rangi. Mimi nyumbani nililala na ndugu zangu wawili kitanda kimoja, tukigombania upande wa ukutani. Kwamba kuna chumba kizima kimefagiliwa, kimetandikwa, kinamngoja mtu ambaye hata jina lake bado halijulikani, hilo lilinizidi akili. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda, kwenye ukingo kabisa nisikikunje, najaribu kumkisia mwenyewe atakuwa nani.

Kilichonifunga moja kwa moja lakini ni kitabu cha wageni. Daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, utokako, uendako, chumba, saini. Polisi walipita mara moja moja kulikagua, kwa hiyo liliandikwa kwa adabu. Mama mdogo hakuipenda kalamu, na wageni wengi walifika wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope, basi kazi ya kuandika ikaniangukia mimi. Nilisimama nyuma ya meza nikiwauliza watu wazima maswali ambayo mtoto hana ruhusa ya kuyauliza popote pengine. Shikamoo. Marahaba. Jina lako nani? Kabila? Unatoka wapi? Unakwenda wapi?

Nao wakajibu! Mtu ambaye barabarani asingenitupia hata jicho alisimama mbele yangu akanieleza habari zake kwa mpangilio. Kwenye safu ya kazi karibu wote walikuwa wafanyabiashara, hata yule ambaye chaki ilikuwa bado kwenye mkono wa shati. Kwenye utokako niliandika Tunduru, Liwale, Mahuta, Kitangari, Songea, Mafia, Kigoma. Jina nisilolijua nililibeba mpaka shuleni, kwenye ramani ya Tanzania iliyokuwa imebandikwa ukutani darasa la sita, nikalitafuta kwa kidole hadi nilipate.

Kuna siku walikuja wanaume wawili wageni kabisa, wembamba, mashati yamenyooka pamoja na safari yote ile, wanaelekea Tunduru. Enzi hizo mawe ya vito yalikuwa yameonekana Tunduru, na wanunuzi wakamiminika mpaka kutoka Thailand na Sri Lanka. Kiswahili hawakuwa nacho. Mmoja akaichukua kalamu mkononi mwangu, kwa upole, akaandika mwenyewe kwenye utokako: Ratnapura. Ramani ya ukutani haikulijua jina hilo. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na atlasi yake binafsi, kaifunika kwa gazeti, haiazimishi kwa mtu; siku ile akaniruhusu niifungue mezani pake. Nikavuka bahari kwa kidole kutoka Mtwara, juu kuelekea mashariki, mpaka kwenye kisiwa kilichoning'inia chini ya India, na pale ndani, kwa herufi ndogo sana, mji wenyewe. Mwalimu akaniambia huo ni mji wa vito tangu zamani. Nilirudi gesti mbio. Wale watu walikuwa wamekwishaondoka na gari la asubuhi, lakini shuka lao lilikuwa kwenye kamba, nami nikashika pindo la upande mmoja mama mdogo alipolikunja.

Ili mtu auelewe uzito wa mgeni kwa Mtwara ya wakati ule, lazima aijue njia ilivyokuwa. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Siku hizi unapanda basi alfajiri na jioni uko Mtwara unakula pweza. Wakati ule Daraja la Mkapa halikuwepo. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na ukishavuka ndiyo kwanza unaanza kuhesabu mashimo. Kiangazi ilikuwa mchanga, masika ilikuwa tope jeusi linaloshika gurudumu halilitoi. Mvua ikikolea barabara ilikufa kabisa, watu wakategemea meli, na wenye fedha ndege. Daraja lilifunguliwa 2003, refu karibu kilomita nzima, likapewa jina la rais aliyezaliwa huku huku kwetu, Lupaso, Masasi. Sisi tuliokulia upande huu wa mto tunalitaja daraja hilo kama watu wanavyomtaja mkunga.

Masika basi ndiyo ilikuwa sikukuu yangu. Wageni walikwama. Aliyekuja kulala usiku mmoja alikaa mpaka akajua majina ya kuku wa jirani. Bei ilishuka yenyewe, chungu kikawa kimoja, bao likachezwa chini ya mwembe kuanzia asubuhi. Namkumbuka mzee mmoja wa Kilwa Kivinje, fundi wa redio, ambaye baada ya kuona fedha inakwisha alitandaza vyombo vyake barazani akaanza kutengeneza redio za mtaa mzima. Mama mdogo hakumdai chumba. Alimdai kila asubuhi awashe taarifa ya habari kwa sauti kubwa, watu wajue njia imefunguliwa au bado. Yule mzee ndiye aliyenisimulia Kilwa Kisiwani, habari za kasri yenye kidimbwi cha pembe nane juu ya jabali. Nilidhani ananidanganya. Watoto wengi wa Kusini tumesikia habari za Paris kabla ya habari za Husuni Kubwa.

Kitu kimoja kilinisumbua katika lile daftari. Hakuna aliyekuja bure. Nilikuwa nawauliza, nje ya safu, umekuja kufanya nini, na majibu yalikuwa yale yale: msiba, harusi, kesi, uhamisho, mgonjwa hospitali ya Ndanda, korosho. Kuanzia Oktoba ilikuwa korosho tupu, makarani na madereva wa malori, vyumba vyote vimejaa na wengine wanalala kwenye jamvi barazani. Nyumbani pia safari ilikuwa na sababu au haikuwepo. Ukisema unakwenda Lindi, swali la pili ni kuna nini Lindi. Ukisema hakuna kitu, nakwenda kutembea tu, watu wanatazamana. Msichana akisema hivyo, wanatazamana zaidi.

Hoteli ya fedha nyingi niliiona mara ya kwanza nikiwa sekondari: Boma ya Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka Mtwara. Wajerumani waliijenga 1895, ikaja ikachakaa mpaka shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipoikarabati na kuifanya hoteli. Binamu yangu alikuwa anajifunza kazi pale, akanipitisha siku isiyo na wageni. Kuta nene, unaweza kukaa kwenye dirisha ukanyoosha miguu. Vitanda virefu, chandarua cheupe kimeshuka mpaka sakafuni. Nilikagua kona za shuka, nikaridhika, ingawa jina halikuandikwa popote na hilo nilimwambia binamu kwamba wataibiwa. Kutoka mnarani ghuba yote ya Mikindani iko chini yako, minazi, mitumbwi, mapaa ya mji mkongwe.

Ni nyumba nzuri. Lakini sijawahi kukaa pale kwenye baraza na chai yangu nikasahau kwamba ilijengwa ili watu wa chini waangaliwe kutoka juu. Mikindani ni mji wa namna hiyo, kila jiwe lina mgeni wake. David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara, 1866, na kibao cha kumkumbuka kipo. Nani alimpikia, nani alimtandikia, hakuna kibao.

Na Mtwara mjini kwenyewe, ukiutazama vizuri, ni mji uliojengwa kumngoja mtu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, sehemu mojawapo ikiwa Nachingwea, na kwa ajili ya karanga hizo ikaja bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli ya kwenda bara. Barabara zikapimwa pana kwa ajili ya jiji litakalokuja. Karanga hazikuja. Mpango ulifutwa 1951, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini na vyuma vikang'olewa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na kipande cha reli mlangoni, anakitumia kama fuawe ya kufulia mapanga. Mtoto nilidhani kila nyumba inayo.

Halafu gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 lakini umeme wake ulichukua zaidi ya miaka 20 kutuwakia. Baada ya 2010, kampuni kubwa zilipoanza kupata gesi kwenye kina cha bahari, mji uliruka. Nyumba za Shangani zikapangishwa bei ambazo tulikuwa tukizisikia Dar es Salaam tu, vyumba vikaanza kutajwa kwa dola, kila mwenye kiwanja akachimba msingi wa hoteli. Mwaka 2013 zikatokea ghasia za bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, siku mbaya, sitaki kuzirudia hapa. Bomba lilijengwa. Wageni wakapungua. Nenda leo Mtwara au Lindi, utaziona ghorofa za vyumba ambazo nondo zimechungulia juu zinangoja sakafu ya pili, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia anasubiri kiwanda cha gesi cha Likong'o kianze. Simcheki. Nimelelewa na watu wa kazi hiyo hiyo ya kutandika kwanza, mgeni baadaye.

Safari zangu mwenyewe zilianza nilipopata ajira ya ualimu na likizo ikawa yangu. Ya kwanza haikuwa mbali, Newala tu, juu ya uwanda wa Wamakonde. Nilifika jioni, Julai, ukungu umeshuka na baridi ambayo mtu wa pwani haiamini mpaka imshike masikio. Mapokezi alikuwepo mama wa makamo, kanga mbili mabegani. Akafungua daftari. Jina, kabila, kazi, utokako. Kisha akanitazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja.

"Uko na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Una msiba?"

"Hapana. Nimekuja kutembea."

Aliweka kalamu chini. Nilijua anachowaza, maana nimekaa upande ule wa meza, na najua mwanamke aliye peke yake gesti anahesabiwa vipi. Akauliza kutembea kwa nani. Nikamwambia nimesikia kuna Shimo la Mungu, nataka kuliona. Akacheka kwa pua. Yeye kazaliwa Newala, watoto wake wamezaliwa Newala, na kule ukingoni alikwenda zamani kuokota kuni, hakujua kwamba mtu anaweza kulipa nauli kwa ajili ya kutazama bonde. Akanipa chumba kilichopakana na chake, akasema nikisikia mtu anagonga usiku nisifungue, nimwite yeye. Ndoo ya maji akaileta nusu, kwa maelezo: maji ya Newala yana historia, usiyachezee.

Asubuhi alikuwa amevaa viatu. "Twende," akasema, "nami nikalione hilo shimo lenu." Tukaenda. Ardhi inakatika ghafla, bonde linashuka chini kijani kijani mpaka kwenye Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Alisimama muda mrefu mikono nyuma. Akaniuliza kule ng'ambo nako wana gesti? Nikasema lazima watakuwa nazo.

Tangu hapo nimejifunza kuwa mapokezi ni mahali pa kukaa, si pa kupita tu. Kiti cha mapokezi kina habari kuliko kitabu chochote cha utalii: gari lipi linaharibika Nangurukuru, nani anapika ming'oko, vile viazi pori vyetu, vizuri, mvuvi gani anavusha Kitunda jioni, kwa nini Lindi mjini nyumba zile za Wahindi za balkoni ya mbao zimefungwa. Mtalii wa kulala hoteli kubwa anayeletewa kila kitu chumbani namwonea huruma kidogo. Kidogo tu, maana maji yake ya moto nayatamani.

Mama mdogo alipostaafu nilimchukua Kilwa Masoko. Hajawahi kulala gesti kama mgeni maisha yake yote. Alilala nyingi, lakini kwa zamu ya usiku. Nilichagua hoteli yenye baraza juu ya bahari. Alfajiri nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, kona zimekazwa, naye hayupo. Nilimkuta nyuma, kwa wafuaji, kakalia kigoda, anabishana na mhudumu kijana wa Nangurukuru jinsi ya kutoa hina kwenye shuka jeupe. Hina ya bibi harusi ndiyo adui wa gesti za pwani zote, wala usije ukadhani ni pombe. Yule kijana alikuwa na dawa ya dukani. Mama mdogo alitaka ndimu, chumvi na jua la saa sita, na asiambiwe kitu kingine. Wakagawana shuka nusu kwa nusu, kila mtu akatibu upande wake. Nilipomwambia mashua ya Kisiwani inaondoka alinipungia mkono. "Magofu nenda mwenyewe. Nyumba isiyo na mtu ina nini cha kuona?" (Jioni upande wa ndimu ulikuwa mweupe zaidi. Yule kijana anasema ilikuwa droo.)

Nikaenda peke yangu. Husuni Kubwa niliyoambiwa na fundi wa redio ipo, na kidimbwi cha pembe nane kipo, kimekauka, kinatazama bahari. Ni kasri ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, yenye vyumba zaidi ya mia. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Nimesimama katikati ya vile vyumba nikifikiria nani alikuwa na funguo zake. Katika mwambao wetu kwa karne nyingi msafiri hakulipa kulala; alifikia kwa mtu, akawa mgeni wa mtu, na kila mtu alijua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gesti ndiyo iliyovunja hesabu hiyo. Unalipa, hupewi jembe, unaweza kukaa mpaka siku ya kumi bila mtu kukununia. Wapo wanaosema tumepoteza utu kwa kuuza kitanda. Mimi kama mwanamke nisiye na mjomba katika kila mji, nalipa kwa moyo mkunjufu.

Mbali zaidi niliyowahi kufika kwa ajili ya hoteli ni Beira, Msumbiji. Nilivuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, kabla ya vita vya Cabo Delgado kuanza 2017, nikashuka taratibu kwa mabasi madogo. Mocimboa da Praia bado nilisikia Kimwani nikashika maneno nusu, Nampula nikaokolewa na Kimakua kidogo nilichokichuma kwa jirani zetu wa Masasi, na baada ya hapo nikawa bubu. Nilitaka kuiona Grande Hotel. Ilifunguliwa miaka ya 1950, enzi za Wareno, ikatajwa kuwa miongoni mwa hoteli za kifahari kupita zote Afrika, na haikumaliza miaka kumi. Wageni waliotarajiwa hawakuja, ikafungwa 1963. Unaona kwa nini mtu wa Mtwara lazima aende.

Leo wanaishi watu mle, maelfu. Hakuna umeme wa jengo wala maji ya bomba, mbao za sakafu zilikwisha kung'olewa zamani, mashimo ya lifti yako wazi. Picha zake zote mtandaoni ni za kuogofya. Nilipoingia na mwenyeji wangu nilichokiona mimi ni ukumbi uliofagiliwa. Mapazia ya kitenge milangoni. Mama mmoja ana meza ya nyanya kwenye korido, amezipanga vifungu, anakata mboga huku anauza. Nje, kwenye bwawa lililojengwa kwa ajili ya matajiri kuogelea, watu wanafua. Mashuka yameanikwa ukingoni, marefu, meupe.

Yule mama akamwuliza mwenyeji wangu nimefikia wapi. Nikamtajia hosteli yangu mjini na bei yake. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, akamwita na jirani aje asikie, na yote waliyosema sikuyaelewa ila kidole chake kilichokuwa kinaonyesha juu, ghorofa ya pili, kwamba kwa bei ile angenipa chumba chenye upepo wa bahari kwa mwezi.

Wengi mnaniuliza nini cha kuangalia mkija Kusini kulala, basi nijibu hapa hapa. Msije Masasi, Newala wala Tandahimba wakati wa korosho bila kupiga simu, mtalala kwenye gari. Lindi ombeni chumba cha upande wa bahari hata kama cha upande wa ndani ni self, kina choo chake, na kile cha baharini choo kiko nje. Joto la Lindi halina mzaha. Mikindani ni kuzuri kulala siku za katikati ya wiki. Popote mnapofika, kalieni kiti cha mapokezi angalau kwa muda wa kunywa soda. Mkiambiwa chandarua kizima, kikunjueni kwanza. Na mkiambiwa maji ya moto yapo, ulizeni yapo kwenye bomba au kwenye ndoo. Ya ndoo ni mazuri vile vile, ila semeni mapema, jiko la mkaa halina haraka na mtu.